Uji Bila Sukari

Mama Suzana alikuwa akipika uji wa shule yetu tangu kabla sijaajiriwa, na katika miaka yote hiyo sijamsikia akimbembeleza mtu. Mtoto akilalamika kwamba uji hauna sukari, atamwambia, "Sukari iko dukani, nenda kanywee huko." Mkuu wa shule akipita jikoni akasema moshi umezidi, ataambiwa apitie upande ule mwingine. Dirisha la darasa langu, darasa la pili, linatazama jiko lake, kwa hiyo mimi nayasikia yote, na kuna siku chaki inanianguka kwa kucheka. Wapo wanaosema ana kiburi. Hana kiburi hata kidogo, ni kwamba jambo likiwa baya yeye hulitaja kwa jina lake.

Isipokuwa jambo moja. Binti yake, Renatha, alipandishwa meli pale Nansio, bandari ya kisiwa chetu, akiwa hoi, akapelekwa hospitali Mwanza, na huko ndiko alikofia. Mume wake alikuwa mtu wa Sengerema, na wakwe wakasema mke wao azikwe kwao. Suzana akaenda kuzika, mjukuu wake Queen akabaki kwa jirani. Aliporudi kisiwani alimkuta mtoto amekaa kizingitini, na mtoto akamuuliza mama yuko wapi. Suzana, huyu huyu asiyembembeleza mtu, akasema, "Mama amesafiri. Yuko Mwanza."

Ndivyo watoto wadogo wanavyoambiwa kwetu, na hakuna aliyeona ajabu. Sote tukalishika neno hilo. Mtoto akiniuliza mimi, amesafiri. Akimuuliza katekista, amesafiri. Tulikuwa tunangoja akue kidogo, na kila tukimtazama tukaona bado hajakua. Akaanza shule, akafika darasani kwangu, bado mama yuko Mwanza. Kutoka kwenye mwamba ulio nyuma ya vyoo vya shule unaiona meli inapoingia Nansio, na jioni nikimkosa Queen kwenye mstari wa kufagia nilijua yuko pale juu, anatazama watu wadogo wadogo wakishuka gatini.

Sasa nije kwa wageni. Kila mwaka, shule za kwao zikifungwa, hutujia kundi la vijana wa Kizungu kujitolea. Hukaa wiki mbili. Hupaka rangi ukuta unaoelekea barabarani, ukuta ule ule kila mwaka, mpaka nadhani siku hizi unasimama kwa rangi kuliko kwa tofali. Wananipokonya darasa kwa heshima zote, mimi nakaa nyuma na watoto wangu wanaimba nyimbo za vyura na treni. Sisemi ni watu wabaya. Wana mioyo mizuri, wanaleta mipira na madaftari, wanakula ugali wetu wa muhogo mpaka machozi yanawatoka, hawakatai. Ila wanabeba watoto. Mtoto ambaye nyumbani hajabebwa tangu mdogo wake azaliwe, anabebwa mgongoni kutwa nzima, anachezewa nywele, anaitwa jina lake kila saa. Halafu meli inapiga honi, na Jumatatu mimi ndiye ninayesimama mbele ya watoto walionuna nikiwaambia tufungue ukurasa.

Mwaka uliopita Queen alishikamana na kijana mmoja mwenye nywele nyekundu. Alipoondoka, mtoto akashikwa na homa, hakula, na zahanati hawakuona malaria wala chochote. Suzana alimkandakanda yule mtoto na kukaa kimya, na kimya cha Suzana kinatisha kuliko mdomo wake.

Mwaka huu akaja Annika.

Alikuwa msichana mrefu, mpole, anayecheka kwa sauti ya chini. Siku ya kwanza tu Queen alimpa mkono, na tangu hapo sikuona tena mkono ule ukiwa peke yake. Siku chache baadaye Suzana aliniita jikoni. Alikuwa ameshika mwiko, uji ukichemka.

"Mwanangu Dorcas, yule mgeni anambeba mjukuu wangu."

"Namwona, mama."

"Amshushe. Niitie Florian nimwambie."

Mwalimu Florian ndiye mkalimani wetu. Ni mtu wa Bukoba, Kiingereza chake kimepigwa pasi, na ni mstaarabu mpaka anakera. Amekulia katika nyumba ya mchungaji, ambamo mgeni hasikii neno baya hata kama amekalia kofia ya baba. Mkuu wa shule, Mwalimu Nestory, aliwahi kuwaambia wageni kwamba rangi yao imemwagikia ubao mpaka hauandikiki. Florian akawatafsiria kwamba mkuu anaipenda sana rangi hiyo. Wakashukuru, wakapaka na ubao wa pili. Ofisini tulicheka wiki nzima, na mimi nilicheka kuliko wote.

Basi Suzana akasimama mbele ya Annika, mwiko mkononi, akasema, "Mwambie amshushe mtoto. Akitaka kucheza naye wacheze chini, kama wenzake. Asimzoeze mgongo ambao hatamwachia."

Florian alitabasamu, akasema Kiingereza kirefu chenye neno la shukrani ndani yake mara kadhaa. Annika akaweka mkono kifuani, machozi yakamlengalenga, akamkumbatia Suzana na mwiko wake. Queen alikuwa bado mgongoni.

"Ameelewa?" Suzana akauliza.

"Ameelewa sana, mama," alisema Florian.

Nilikisikia Kiingereza kile, na nilijua hakikuwa maneno ya Suzana. Nilimfuata uwanjani nikamuuliza. Akaniambia, "Dada, yule ni mgeni. Anaondoka karibuni. Kwa nini aondoke na neno chungu?" Nikamwambia ipo siku upole wake utatuumiza. Akacheka, akanisifu kwamba nina hasira nzuri.

Siku ya mwisho tukawafanyia karamu. Sato wa kukaanga, wali, machungwa, soda. Mwalimu Nestory alitoa hotuba ndefu, wageni wakapewa vitenge. Katikati ya chakula Annika aliinuka na Florian wakaja hadi jikoni alipokuwa Suzana. Mimi nilikuwa napakua. Annika akazungumza huku amemshika Queen bega, na Florian akatafsiri vizuri, maana lilikuwa jambo jema. Anaomba Queen awasindikize kesho hadi Mwanza, alisema. Aone mji, aone ndege. Kijana wao wa kuwaongoza, Pius, atamrudisha na meli ya mchana.

Suzana aliweka sahani chini. "Hapana," akasema. "Mtoto huyu hapandi meli ile. Mwambie hivyo hivyo."

Nyuma yao wageni wote walikuwa wamegeuka, wanatabasamu, wanasubiri. Mwalimu Nestory naye alikuwa akitazama. Florian akatabasamu, akaanza kutafsiri. Nikaondoka na sinia la wali kwa sababu meza ya mbali ilikuwa inaniita, na Kiingereza alichosema sikukisikia. Nilipogeuka nilimwona Annika akiitikia kwa kichwa, amefurahi, na Suzana akirudi kwenye sufuria zake, bega limeshuka kama mtu aliyemaliza kazi nzito.

Asubuhi watoto walikuja na nguo za kanisani. Kwetu mgeni akiondoka anasindikizwa, na huwezi kumsindikiza na kaptura iliyotoboka. Suzana mwenyewe alimpaka Queen mafuta akamvalisha gauni la njano, mbele ya wageni wote, na nakumbuka Annika alimtazama akambusu mikono. Suzana akaipangusa mikono kwenye kanga akarudi kukoleza moto. Gatini haendi. Tangu arudi kutoka kumzika Renatha, miguu yake haijakanyaga ule ukingo.

Msafara ukaondoka ukiimba. Mimi nilibaki na wale wa chekechea. Tukaisikia honi, kisha kimya, na baada ya muda watoto wakaanza kurudi makundi makundi kwa njia ya ufukweni, viatu mkononi, wamelowa hadi magotini kwa kucheza majini. Suzana alikuwa anawapakulia uji. Kikombe baada ya kikombe, macho yake yakipita juu ya vichwa.

"Queen yuko wapi?"

Watoto wakatazamana.

"Yuko wapi Queen?"

"Tulikuwa naye kwenye mawe," akasema mmoja.

"Alikuwa ananawa," akasema mwingine.

Kama kuna mtu anayefundisha watoto wadogo atajua: ukiwauliza kwa ukali watakupa jibu lolote, ili tu ukali uishe. Lakini wakati ule hakuna aliyewaza hivyo. Suzana aliuangusha upawa akakimbia. Sikujua kwamba anaweza kukimbia. Nilimkuta kwenye mawe yale, kanga imemvuka, ameingia majini hadi kifuani, anapapasa chini ya maji kwa mikono miwili na kumwita mtoto kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Ziwa lilikuwa tulivu kabisa. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakaacha wakaja. Chenge, mvuvi, akaleta mtumbwi na wenzake, wakashusha nyavu, wakaanza kuvuta polepole, na kila wavu ulipokaribia nilifumba macho. Nyavu zikaja na majani, zikaja na kandambili ya mtu mzima. Wakazirudisha.

Mwalimu Nestory na Florian walifika wakitoka gatini, bado wana furaha ya kuagana. Nestory akauliza kuna nini, na mama mmoja akajibu kwamba Queen amezama.

Mimi sikumtazama Nestory. Nilimtazama Florian. Uso ulimpauka, akatazama ziwa upande wa Mwanza, ambako meli ilikuwa imeshapotea. Nikamsogelea.

"Florian. Jana ulisema nini?"

Alizidi kutazama maji.

"Ulimwambia nini yule msichana?"

Nestory alitushika mikono wote wawili. "Walimu, taratibu," akanong'ona. "Hatujui lolote bado. Tusianze kutaja wageni mbele ya watu."

Na Florian akanyamaza. Nasema ukweli, nilimchukia. Wavu mwingine ukawa unavutwa, Suzana yuko majini anaungojea kwa mikono iliyonyoshwa, na mtu mwenye neno kinywani amesimama ufukweni na viatu vyake vilivyong'arishwa. Sijui angenyamaza hadi lini. Ila Suzana, wavu ulipotoka mtupu, alisema kwa sauti ya chini, akiyaambia maji, "Nirudishie basi hata nimzike mimi. Huyu nimzike mimi."

Hapo Florian akaingia majini na viatu na suruali yake ya sherehe.

"Mama," alisema. "Mama, nisamehe. Jana sikumwambia hapana."

Suzana aligeuka taratibu.

"Nilimwambia umeshukuru na utafikiria. Niliona aibu kumnyima mgeni mbele ya chakula. Labda leo alipoona umemvalisha, akadhani umekubali. Labda mtoto yuko melini."

"Labda," alisema Suzana.

"Sikumwona akipanda, mama. Kulikuwa na watu wengi, na mizigo. Sijui."

Nilidhani atampiga. Ningekuwa mimi ningempiga. Alimtazama tu, maji yakimtiririka usoni, kisha akasema, "Piga simu."

Florian akapiga. Simu ya Annika haikupatikana. Ya Pius haikupatikana. Katikati ya ziwa mtandao hakuna, kila mtu kisiwani anajua, lakini alipiga tena na tena. Chenge akauliza kama aendelee kuvuta. Hakuna aliyejibu, na kwa kuwa hakuna aliyejibu akaendelea. Hicho ndicho kipande cha siku ile ninachokiota. Upande mmoja nyavu, upande mwingine simu, na Suzana katikati, ameketi juu ya jiwe, hataki kubadilisha nguo, hataki kusogea. Akiitazama simu, moyo wake uko melini. Wavu ukija, anasimama.

Jua lilikuwa limepanda sana simu ilipoita. Florian akaweka sauti ya nje. Tukasikia upepo, mashine ya meli, kisha sauti ya Annika, ya furaha, na katikati ya Kiingereza chake neno moja nililielewa bila elimu: chapati. Queen anakula chapati.

Wanawake walipiga vigelegele. Chenge akakaa chini ndani ya mtumbwi, akafunika uso. Mimi nililia kwa sauti, sioni aibu kusema. Suzana peke yake hakulia. Alinyosha mkono kuelekea simu.

"Mwambie nataka kusema naye. Na wewe Florian, leo utasema ninavyosema mimi. Usiongeze sukari."

"Ndiyo, mama."

"Mwambie tumekuwa tukimtafuta mtoto huyu chini ya maji."

Florian akatafsiri. Kule ng'ambo sauti ikakatika.

"Mwambie jana nilisema hapana, na siku ile ya mwiko nilisema amshushe. Aliyedanganya ni wewe. Mwambie."

Akamwambia, jasho likimtoka.

"Mwambie najua ana moyo mzuri. Lakini mtoto huyu kila mwaka anapata mtu wa kumbeba, halafu mtu huyo anapanda meli ile ile. Mwambie mama yake alipanda meli ile akafa. Na mtoto hajui. Mtoto anajua mama amesafiri, kwa sababu sisi tunamdangan..."

Akaishia hapo. Florian alisubiri mwisho wa sentensi. Suzana alikuwa akimtazama mkalimani wake kama vile amemwona sasa hivi, na nadhani kila mtu aliyesimama pale ufukweni aliangalia chini, maana neno lile lilikuwa letu sote.

"Maliza tu, mwalimu," alisema hatimaye. "Mwambie tunamdanganya."

Annika alilia kwenye simu. Akasema neno la Kiswahili alilojifunza, samahani, akalirudia mpaka likapoteza maana. Kisha akasema jambo lingine, na Florian akatafsiri neno kwa neno: hatamkabidhi kwa Pius. Atamrudisha mwenyewe na meli ya mchana, wenzake watangulie.

Suzana alikwenda nyumbani akabadilisha nguo. Alipotoka, alishika njia ya Nansio, na mimi na Florian tukamfuata nyuma. Tulipofika pale barabara inaposhuka gatini alisimama, akavuta pumzi, akashuka. Aliutazama ule ukingo wa saruji kwa muda, kisha akaukanyaga.

Jioni meli ikaingia. Watu wakaanza kumiminika na magunia, magodoro na kuku, na miongoni mwa wale wa kwanza alikuwa Annika, macho yamevimba. Hakuwa amembeba. Alikuwa amemshika mkono, na Queen alikuwa akitembea kwa miguu yake, gauni la njano limeingia mafuta ya chapati. Annika alipofika mbele ya Suzana alipiga goti kama alivyowaona watoto wetu wakifanya, akauweka mkono wa mtoto katika mkono wa bibi yake, akarudi nyuma. Suzana alimgusa kichwa. Hakumwambia neno, na Florian hakujaribu kutafsiri.

"Bibi, shikamoo," alisema Queen.

"Marahaba, mama."

"Bibi, usinipige. Nilitaka kwenda kumwona mama."

Mimi nilidhani mtoto amemfuata Annika. Wote tulidhani hivyo. Tulikuwa tumemlaumu mgeni kutwa nzima, na mtoto alikuwa amelifuata neno tulilompa sisi.

"Nimeangalia watu wote kule bandarini," alisema. "Nikamwambia dada anishushe tuangalie vizuri. Mama hayupo. Amehama?"

Florian aligeuka akatazama ziwa. Niliona mdomo wa Suzana ukifunguka, na najua lile neno laini lilikuwa tayari, lilikuwa limekaa pale mdomoni kwake muda mrefu. Mama amehamia mbali kidogo. Mama atakuja mwakani. Nami, Mungu anisamehe, kwa sekunde ile nilitamani aliseme.

Akachuchumaa, magoti yakilia, uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Queen. Mama yako alikufa. Aliugua, nikampandisha meli hii, akafia Mwanza. Tulimzika Sengerema. Nilikudanganya."

Mtoto alimtazama. Hakulia. Alitazama mlango wa meli, ambako watu walikuwa bado wanashuka, mama mmoja na beseni la nyanya, mzee na baiskeli, wanafunzi wa sekondari.

"Kwa hiyo hayupo humo?"

"Hayupo."

"Hata wakishuka wote?"

"Hata wakishuka wote, mjukuu wangu."

Queen akafikiri. Kisha akashika upindo wa kanga ya bibi yake, na wakasimama pale, nasi nyuma yao, mpaka mtu wa mwisho aliposhuka.